Taa Zilikuwa Zinawaka

Kufikia Jumatatu, siku ya tatu tangu mumewe akamatwe, Abwola alikuwa keshajua adabu za kituo cha polisi. Ukifika unasalimia, unakaa kwenye benchi bila kuuliza neno, na chakula cha mahabusu unakionja mwenyewe mbele ya askari ili waone hakina sumu. Alimeza kijiko cha posho, ugali wa mahindi, akameza kijiko cha maharage, huku mtoto wake Ayot, wa siku saba, akinyonya chini ya leso. Nyuzi alizoshonwa baada ya kujifungua zilimchoma kila alipokaa. Benchi lilikuwa la mbao, na halikujua kama mtu ni mzazi.

Mpelelezi aliitwa Otim. Alikuwa wa kabila la Lango kama wao, mtu wa Lira, lakini mbele ya wenzake alishikilia Kiswahili ili asije akaambiwa anabeba ndugu zake.

"Mama, hii kesi haina maneno mingi," alisema. "Taa ya gari ilikuwa inawaka, ama haikuwaka. Kama iliwaka, yule kijana wa boda alijiingiza mwenyewe, bwana yako anarudi nyumbani. Kama haikuwaka, naandika mtu amekufa kwa uzembe, inaenda kotini."

"Iliwaka, afande."

"Umesema. Na yeye amesema. Lakini wewe bibi yake, karatasi yako haina nguvu. Dereva wa lori hakuona kitu, vumbi ilikuwa mingi. Amebaki mtu moja tu, yule Mkongo mwenye alikuwa amebebwa kwa boda. Kesho mchana naenda hospitali kuandika yake."

Walimruhusu kumwona mumewe kwa dakika tano. Odyek alikuwa amewahi kuendesha malori ya jeshi miaka kumi na miwili, mtu mpana wa mabega, na sasa alisimama nyuma ya nondo akishikilia suruali kwa mkono kwa kuwa mkanda walimvua. Hapo peke yao walizungumza lugha yao, Kilango.

"Usibadilishe neno," alimwambia. "Zilikuwa zinawaka."

"Odyek, ni mimi."

"Nyamaza. Una mtoto mchanga. Unataka kumnyonyesha humu ndani?"

Ukweli ni kwamba taa zilikuwa zimezimwa, na aliyezizima ni Abwola kwa mkono wake wa kulia. Ijumaa ile mumewe aliwachukua yeye na mtoto hospitalini kwa pikapu ya kampuni, kampuni ya kusambaza maji ya chupa, na kampuni hiyo ina sheria moja isiyo na mjadala: injini ikiwaka na taa kubwa ziwake, hata jua likiwa la utosi. Wanasema dereva wa mbele akuone mapema. Ni sheria ya busara, na Odyek aliifuata kama mwanajeshi anavyofuata. Tatizo ni kwamba Kampala, gari linalokuja na taa mchana kweupe watu wanalijua: ama limebeba mkubwa, ama limebeba maiti. Na mkubwa hapandi pikapu.

Kwa hiyo walipopita kwenye kijiwe nyuma ya Kamwokya, vijana wa boda walisimama wakavua kofia zao ngumu. Mama aliyekuwa akichoma ndizi za gonja aliweka chini pepeo la mkaa akafanya ishara ya msalaba. Abwola aliwaona, akamwangalia mtoto mapajani. Kabla ya Ayot alikuwa amezika wawili, hakuna aliyefikisha siku arobaini. Alimwambia mumewe azime, watu wanamlilia mtoto mzima. Odyek akasema ni sheria ya kazi, tukifika kwenye lami nitaona. Hapo Abwola akampitishia mkono mbele ya kifua, akakizungusha kijiti cha taa mwenyewe. Odyek alicheka, akaacha hivyo hivyo. Mbele barabara ilikuwa inatengenezwa, lori la changarawe ya moramu linatimua vumbi, na pikapu yenyewe rangi yake ilikuwa ya vumbi. Hazikupita dakika mbili boda ikachomoka nyuma ya lori, wakagongana.

Kijana aliyeiendesha aliitwa Tresor. Alikufa pale pale. Ayot hakupata hata mkwaruzo.

Getini mwa kituo Abwola alimkuta Swaib, msimamizi wa magari wa kampuni. Swaib hakushuka. Alishusha kioo nusu, naye Abwola akaegemea mlango.

"Mama Ayot, gari imetoka kuoshwa," Swaib alisema kwa upole, na Abwola akajiondoa. "Kale, haya, nisikilize. Kampuni si mbaya. Kama huyo Mkongo atasema aliona taa, tunasimama na Odyek. Wakili, hospitali, hata kile chuma madaktari wanataka cha kufunga mguu yake, bosi amekubali tununue. Lakini akisema hakuona, Odyek alivunja sheria, si mtu wetu tena. Hatumjui yeye, hatumjui huyo mgonjwa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe ni mama. Enda uongee na mgonjwa, bambi, tafadhali." Akapandisha kioo.

*

Wodi ya mifupa ilijaa mpaka korido. Guerschom, yule Mkongo, alilala kwenye kitanda cha mwisho, mguu wa kulia umening'inizwa kwa kamba yenye jiwe la uzito. Alikuwa mchuuzi wa vitenge. Alivichukua kwa jumla sokoni Kikuubo, akavitembeza begani mtaa kwa mtaa, na kazi hiyo mtaji wake wa kwanza ni miguu. Chini ya goti daktari alikuwa amechora mstari kwa kalamu ya buluu. Chuma kikipatikana kufikia Jumatano watafunga mfupa. Kisipopatikana, mguu ulikuwa umeanza kuoza na watakata hapo kwenye mstari. Chuma kilikuwa milioni mbili na nusu, na familia ile haikuwa imewahi kuiona milioni moja.

Mkewe Pélagie alikuwa akikunja shuka. Alikuwa amefunga kichwa kitambaa cheusi, maana Tresor aliyekufa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Weye uko nani?" aliuliza, akiangalia chupa ya uji mkononi mwa Abwola.

"Mimi bibi ya dereva."

Wauguzaji wa vitanda vya jirani waligeuka wote. Abwola akapiga magoti sakafuni na mtoto mgongoni, kama anavyopaswa kufanya mwenye kuomba, na sakafu ilikuwa na maji ya dawa.

"Mudogo yangu bado iko mu mochwari," alisema Pélagie. "Na weye unaniletea uji."

"Nimekuja kuomba pole, mama."

"Pole yako nimeisikia. Simama, watu wanaangalia." Akachukua beseni la nguo, akatoka kwenda bombani bila kugeuka.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Guerschom aliulizwa na alikataa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shemasi katika kanisa lao, na alizungumza taratibu kama anayesoma tangazo la ibada.

"Mama, mi siko na hasira na bwana yako," alisema. "Nitakuambia vile ilikuwa. Lori iko mbele, vumbi tupu. Tresor imemuingia mu macho, haoni. Akaniuliza, 'Shemeki, njia iko?' Mi nikainua kichwa, nikaangalia vizuri. Sikuona taa. Kila gari ya ile kampuni inawasha taa, tunazijua. Sikuona. Nikamuambia, 'Iko, pita.'"

Abwola alijifuta uso. Alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, na sasa aliyasema upesi upesi kabla hayajamkimbia. "Baba, ukimwambia afande uliona taa, kampuni itanunua chuma. Swaib amesema. Mguu yako itapona, na bwana yangu atatoka."

Guerschom alijivuta juu ya mto. Kisha akauliza, "Unajua unaniomba nini?"

"Najua ni uongo."

"Apana. Uongo Mungu anaweza kusamehe. Nikisema niliona taa, njo nimesema niliona gari inakuja na nikamutuma mutoto ya watu aingie. Kwa macho yangu wazi." Alitazama mlango aliopitia mkewe kwenda bombani. "Huyu nitamuambia nini? Mama yake nitamuambia nini? Yule mutoto nilimutoa Beni mimi, nikasema nitamuchunga."

"Na wakikata mguu?"

"Basi wakate."

Aliyasema hayo kwa kinywa, lakini macho yake yalishuka kwenye ule mstari wa buluu, na Abwola akayaona. Akaona aibu kuyaona.

"Niambie kitu moja," Guerschom alisema Abwola alipokuwa akiinuka. "Kwa nini alizima?"

Abwola alifungua mdomo. Mtoto akalia mgongoni, naye akamshukuru Mungu kwa kilio kile, akatoka akimbembeleza. Chupa ya uji aliiacha pale chini na hakuna aliyeigusa.

*

Kesho yake saa saba mchana Otim alifika wodini na faili kwapani. Abwola alikuwa keshafika tangu asubuhi, amekaa mlangoni kama mtu asiye na mgonjwa. Alikuwa hajalala. Usiku kucha alikuwa akiomba Guerschom aseme uongo, na kila alipomaliza kuomba aliogopa kwamba atasikilizwa.

Asubuhi hiyo homa ya Guerschom ilikuwa imepanda. Nesi alikuja na karatasi ya kukubali kukatwa, akamwonyesha pa kutia sahihi, akaiacha juu ya mto ili aizoee. Pélagie aliisoma mara mbili. Alichukua kitambaa akaanza kukausha vidole vya mguu ule wa mumewe, kimoja kimoja, kwa uangalifu, kama vile bado vilikuwa vyao.

"Tuanze," Otim alisema. "Unaweza kuapa?"

Guerschom akaomba Biblia yake iliyokuwa chini ya mto. Pélagie mwenyewe ndiye aliyempa. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kumsikia mumewe akiapa kwa kitabu hicho, hata alipoibiwa, hata jirani alipomsingizia, na kwa hiyo alisimama vizuri asikilize.

"Wakati boda inapita lori, uliona nini mbele?"

Guerschom alimtazama mkewe. Kisha akautazama mguu.

"Niliona taa," alisema.

"Taa ya gari?"

"Ya gari. Ilikuwa inawaka. Nikafikiri iko mbali. Nikamuambia apite."

Kalamu ya Otim ilikwaruza karatasi. Pélagie alikuwa bado ameshika kile kitambaa.

"Guerschom," alisema. "Uliniambia hukuona."

"Nilikuogopa."

"Siku ine zote?"

"Nilikuogopa, Pélagie."

Mwanamke yule hakupiga kelele. Alikunja kitambaa, akakitundika kwenye chuma cha kitanda, akavaa kandambili zake na kutoka. Otim akampa mgonjwa faili atie sahihi. Guerschom alitia sahihi mahali alipoonyeshwa, akaifumbia macho wodi nzima, na machozi yakamshuka kuelekea masikioni.

Abwola alimwona Pélagie akipita mbele yake. Alichokuwa ameomba kilikuwa kimetimia. Mumewe angetoka jioni ile ile. Kitu chepesi kabisa kingekuwa kukaa pale pale na kumnyonyesha mwanawe. Lakini aliinuka, akamfuata yule mwanamke mpaka mwisho wa korido penye ngazi, na nyuzi zikamvuta mpaka akaona nyota.

"Mama Pélagie. Bwana yako amedanganya."

Pélagie aligeuka.

"Taa haikuwaka. Hakuona kwa sababu hakuna taa ilikuwa. Mimi nilizima." Akautoa mkono kwenye leso akauonyesha. "Si bwana yangu. Mimi, na hii mkono. Watu walikuwa wanavua kofia, wanafikiri tumebeba maiti, na mimi nimebeba mtoto. Nilizika wawili, mama. Niliogopa. Nikazima."

Chini kwenye ua mtu alikuwa akiuza chapati na kuita wateja. Pélagie alisogea, akainua pembe ya leso, akautazama uso wa Ayot aliyelala.

"Iko na siku ngapi?"

"Nane."

"Tresor alikuwa na miaka kumi na kenda." Akairudisha leso ilivyokuwa. "Na bwana yangu, nani alimuambia aseme vile?"

"Mimi. Jana, ulipoenda bombani. Kampuni ilisema itanunua chuma." Abwola akashika ukingo wa ngazi. "Lakini siwezi. Nitarudi kwa Otim sasa hivi, nitamwambia yote. Acha nifungwe mimi."

"Na chuma?"

Abwola akamfunika Ayot vizuri.

"Nimekuuliza. Ukisema, chuma watanunua?"

"Hapana."

Pélagie akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha hata chembe. Akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja, na Abwola akafikiri analia. Alipouinua ulikuwa mkavu.

"Basi utanyamaza," alisema. "Mi nitanyamaza. Yeye ameshatia mukono yake kwa Biblia, sitaki iwe bure. Lakini sikia. Alhamisi tunazika. Mama yangu anakuja toka Beni na baba mudogo. Weye utakuja kwa kilio, na huyu mutoto. Utakaa kwa mukeka, karibu na mama. Watamutukana bwana yangu, watasema alimuua Tresor. Utasikia yote, mpaka mwisho. Usitoke hata kukojoa."

"Nitakuja."

"Na mama akikuuliza, utajibu."

*

Odyek alitoka jioni hiyo akiwa amerudishiwa mkanda. Jumatano chuma kilifika hospitalini katika boksi lenye lakiri, Swaib akawapiga picha wenye mgonjwa wakilipokea. Usiku Odyek aliposikia habari ya msiba alisema si lazima waende, watu wa marehemu wana uchungu, wanaweza hata kuwapiga. Abwola alimwambia abaki yeye. Hakumweleza kwa nini, na Odyek, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza.

Msiba ulikuwa Kamwokya, kwenye ua wa nyumba za kupanga, wametandika turubai juu na mikeka chini. Abwola alivua viatu. Minong'ono ilitangulia mbele yake kila alipokanyaga, lakini hakuna aliyemzuia, kwa kuwa lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Akakaa pale alipoambiwa, pembeni ya mama wa marehemu, Mama Esperance, mwanamke mdogo wa umbo, aliyekaukiwa na sauti kwa kulia ndani ya basi njia nzima.

Baba mdogo, mzee Katembo, alisimama katikati ya ua. Hakuwa mtu wa maneno makali, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Tulimupa shemeki yetu mutoto," alisema. "Alikuja Beni, akakaa kwa meza yetu, akasema, nipeni Tresor nimufundishe kazi. Leo polisi wametusomea karatasi. Aliona taa. Ameapa mwenyewe. Aliona gari inakuja, akamuambia mutoto pita. Mi sijui vita gani tulimukimbiza mutoto, kama kifo ilikuwa inamungoja kwa mudomo wa ndugu."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema shemasi gani huyo. Mwingine akasema alitaka kuwahi wateja, vitenge vilikuwa vitamu kuliko mtu. Mambo hayo yalisemwa saa nzima, yakazungushwa na kurudiwa, na Abwola aliyasikia yote. Pélagie alikuwa akipita na birika la chai kati ya waombolezaji, uso umefungwa, anamimina.

Ayot akalia. Mama Esperance akanyoosha mikono.

"Nipe."

Abwola akampa, maana asingeweza kumnyima. Bibi yule akamlaza mtoto kwenye mapaja yake membamba, akampapasa kichwa kwa kidole kimoja, pale penye utosi unaopumua.

"Alikuwa mu ile gari?"

"Alikuwa, mama."

"Mungu alimuchunga." Aliendelea kumpapasa. "Hata huyu, Mungu alimuchunga." Kisha akainua macho yake mekundu. "Watu wengi wanasema mengi, mi sikukuwa pale. Guerschom nilimupenda kama mutoto ya tumbo yangu. Moyo yangu inakataa. Weye ulikuwa mbele ya ile gari, uliona. Niambie, na Mungu anasikia. Taa zilikuwa zinawaka?"

Pélagie alisimama na birika mkononi, hatua tatu kutoka pale, hakumimina wala hakuondoka.

Abwola alitazama vile vidole vizee juu ya utosi wa mwanawe.

"Zilikuwa zinawaka, mama," alisema.

Mama Esperance akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza.

"Basi mi siko na mukwe tena," alisema. Akambusu Ayot kwenye paji la uso, akamrudisha kwa mama yake.

Pélagie akasogea. Akaweka kikombe mbele ya Abwola, akakijaza mpaka pomoni, akabaki amesimama juu yake. Abwola akakichukua kwa mkono wa kulia. Chai ilikuwa bado inatoka moshi, naye akainywa yote.